DVD, Blu-ray au Ultra HD: ipi itakubali kwenye deki yako?

Diski iliingia vizuri. Ikazunguka, ikanyamaza, ikazunguka tena kwa nguvu zaidi, kisha kioo cheusi kikaandika mstari mmoja: diski hii haiwezi kuchezwa. Nilikuwa nimeisubiri majuma matatu. Nikaitoa, nikaifuta kwa kitambaa laini, nikaiinamisha kwenye mwanga wa taa. Haikuwa na hata mkwaruzo. Deki nayo ilikuwa mpya, na jioni ile ile ilikuwa imecheza filamu nyingine mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nilipogeuza kava ndipo nikaona, chini kabisa karibu na msimbopau, herufi A ndani ya kialama chenye pembe sita. Deki yangu ilikuwa ya B.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue DVD, Blu-ray au zile za 4K, yaani Ultra HD, namuuliza kwanza ana deki gani, ana televisheni gani, na kati ya hizo mbili kumepita waya gani. Diski peke yake haitoi picha. Picha nzuri inapita mikono minne kabla ya kukufikia, na mmoja tu ukikataa, fedha yako imelala.

Umbo moja, mwandiko tofauti

Ziweke mezani DVD, Blu-ray, Ultra HD Blu-ray, na hata ile HD DVD ambayo haitengenezwi tena. Zote zina upana wa sentimita 12, unene wa milimita 1.2 na tundu katikati. Umbo hilo limerithiwa kutoka kwenye sidii ya muziki iliyoingia sokoni mwaka 1982. Kwa hiyo diski yoyote itaingia kwenye deki yoyote, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kuingia si kusomeka.

Kinachozitenganisha ni udogo wa mwandiko. Filamu imeandikwa kwa vishimo vidogo sana juu ya mstari mmoja mrefu unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, na deki inavisoma kwa mwale wa leza. Kwenye DVD mwale ni mwekundu, wa nanomita 650, na nafasi kati ya mzunguko mmoja wa mstari na unaofuata ni mikromita 0.74. Kwenye Blu-ray mwale ni wa zambarau unaoelekea bluu, nanomita 405, na nafasi ile imebanwa hadi mikromita 0.32. Fikiria daftari moja, kwanza linaandikwa kwa kalamu ya ncha nene, halafu jingine kama hilo kwa kalamu ya ncha nyembamba. Kurasa ni zile zile, maneno ni mengi zaidi. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, ya matabaka mawili 8.5. Blu-ray inabeba 25 au 50. Ultra HD Blu-ray inatoka kwa ukubwa wa 50, 66 au 100, hiyo ya mwisho ikiwa na matabaka matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine.

Kuna tofauti nyingine ambayo kava haitakuambia, nayo inahusu jinsi unavyozishika. Kwenye DVD mwandiko umefichwa katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 kutoka juu. Kwenye Blu-ray umekaa milimita 0.1 tu kutoka upande unaong'aa. Ndiyo maana Blu-ray hupakwa ganda gumu linalozuia mikwaruzo, na kwa kweli huvumilia kuliko DVD. Lakini alama ya kidole yenye mafuta, hasa kwenye diski ya gigabaiti 100, inatosha kugandisha filamu dakika ya tisini. Ifute kutoka tundu kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe mkono kama unayefuta sahani.

Picha inayokufikia

Hesabu ya vitone ni rahisi. DVD inatoa pikseli 720 kwa 480 au 720 kwa 576, kutegemea imetengenezwa kwa mfumo gani wa televisheni. Blu-ray inatoa 1920 kwa 1080, ambazo ni zaidi ya milioni mbili, kama mara tano ya DVD iliyo bora. Ultra HD inatoa 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Namba hizo ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo. Mimi siziweki mbele kwa umuhimu.

Cha kwanza ni jinsi picha ilivyobanwa na kiasi cha data kinachopita kila sekunde. DVD inatumia ubanaji wa MPEG-2, teknolojia ya miaka ya tisini. Blu-ray inaweza kutumia MPEG-2 pia, lakini nyingi zinatumia AVC, ambayo huhifadhi picha nzuri zaidi ndani ya nafasi ile ile, na inaruhusiwa kufika megabiti 40 kwa sekunde kwa picha pekee. Ultra HD inatumia HEVC, na diski ya gigabaiti 100 inaweza kupitisha hadi megabiti 128 kwa sekunde. Linganisha na filamu ya 4K kupitia intaneti: Netflix inashauri uwe na kasi ya megabiti 15 kwa sekunde. Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa macho, tafuta tukio lenye moshi, mvua au maji yanayochafuka. Kwenye data chache, moshi hugeuka viraka vya mraba vinavyocheza cheza. Kwenye diski, moshi unabaki moshi.

Jambo la pili ni rangi. DVD na Blu-ray zinatumia biti 8, maana yake kila rangi ya msingi ina ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. Ultra HD inatumia biti 10, ngazi 1,024. Tazama anga la machweo kwenye DVD juu ya televisheni kubwa: kutoka rangi ya chungwa kwenda zambarau utaona mikanda, kama kitambaa kilichotiwa rangi kwa kuchovywa mara nne tano. Kwenye Ultra HD mikanda hiyo inayeyuka. Juu ya hilo kuna HDR, uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito ndani ya picha moja. Mshumaa ukiwaka kwenye chumba chenye giza, ule mwali unang'aa kweli, huku ukuta wa nyuma ukibaki na umbile lake badala ya kuwa bonge la weusi. Hilo, kwangu, ndilo linalohalalisha bei ya Ultra HD. Pikseli milioni nane ukiwa umekaa mita nne kutoka kwenye televisheni ya inchi 40 hutazitambua.

Lakini HDR inataka televisheni inayoiweza. Ukicheza diski ya Ultra HD kwenye televisheni isiyo na HDR, deki italazimika kuibana ile picha ili itoshe kwenye uwezo mdogo, na mara nyingi inatoka imefifia, nyuso zimekosa damu. Kwenye televisheni ya namna hiyo Blu-ray ya kawaida ya filamu ile ile huwa nzuri zaidi, nawe umelipa kidogo. Nimezilinganisha zote mbili, moja baada ya nyingine, sebule ile ile, tukio lile lile la usiku, na sikusita kuchagua.

Tena si kila diski yenye maandishi ya 4K ilitokana na picha ya 4K. Filamu nyingi za kidijitali zilikamilishwa studio kwa ukubwa wa 2K, unaokaribiana na wa Blu-ray, kisha zikakuzwa ili zitoshe kwenye diski. Bado zitafaidika na HDR na rangi, ila usitarajie miujiza ya ukali wa picha. Kinyume chake, filamu ya zamani iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 35, ikiskaniwa upya vizuri, inaweza kukushangaza: nyuzi za koti na vinyweleo vya mkono vilikuwepo kwenye mkanda miaka yote hiyo, havikupata tu chombo cha kuvileta nyumbani.

Kuna sifa moja ya Blu-ray dhidi ya DVD ambayo huzungumzwa kidogo, nami naipenda sana. Filamu za sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, haziwezi kubeba 24, kwa hiyo filamu huharakishwa hadi 25. Filamu ya saa mbili inaisha karibu dakika tano kabla ya wakati wake, na isiporekebishwa, sauti za waigizaji na muziki hupanda kidogo. DVD za NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, nazo hurudia baadhi ya picha ili kufika kasi ya skrini, na kamera ikipita polepole kwenye mandhari utaona mtikisiko. Blu-ray inabeba 24 kama zilivyo. Ukiwa na sikio la muziki, utasikia tofauti kabla hujaiona.

HD DVD, kwa yeyote anayekutana na kava jekundu

Mwaka 2006 kulikuwa na warithi wawili wa DVD waliogombea. Sony na wenzake walikuja na Blu-ray, Toshiba na wenzake wakaja na HD DVD. Zote zilitumia mwale wa nanomita 405 na picha ya 1080, lakini HD DVD iliuacha mwandiko katikati ya unene kama DVD, hivyo viwanda vya DVD vingeweza kuitengeneza bila kubadilisha mitambo mingi. Gharama yake ilikuwa nafasi: gigabaiti 15 kwa tabaka moja, 30 kwa mawili. Tarehe 4 Januari 2008 Warner Bros. ilitangaza kwamba itatoa filamu zake kwa Blu-ray peke yake. Tarehe 19 Februari mwaka huo huo Toshiba ikatangaza kuacha.

Ninaitaja kwa sababu bado zinauzwa kama vitu vilivyotumika, na jina lake linapotosha watu. Anayeona HD DVD anadhani ni DVD iliyoboreshwa ambayo itacheza kwenye deki ya DVD. Haichezi. Haichezi kwenye Blu-ray wala Ultra HD pia. Inahitaji deki yake yenyewe. Kava zake ni nyekundu, za Blu-ray ni za bluu, za Ultra HD ni nyeusi. Kama huna deki ya HD DVD tayari, liache kava jekundu.

Nani anasoma nini

Kanuni ni moja: deki ya juu inasoma za chini, ya chini haisomi za juu. Deki ya Ultra HD inasoma Blu-ray, DVD, na kwa kawaida sidii. Deki ya Blu-ray inasoma DVD, lakini diski ya Ultra HD itaikataa, kwa sababu mwandiko umebanwa zaidi, kodeki, yaani njia ya kubana picha, ni mpya na kufuli la usalama ni jingine kabisa. Deki ya DVD inasoma DVD. Hakuna sasisho la programu litakalobadilisha hilo, kwa kuwa vifaa vya ndani vyenyewe havifai. Filamu nyingi za Ultra HD zinauzwa zikiwa na diski ya pili ya Blu-ray ndani ya kava; angalia nyuma, maana hiyo ndiyo itakayokuokoa kama televisheni ya 4K bado ipo kwenye ndoto.

Konsoli za gemu ndizo zinazochanganya zaidi. PlayStation 3 ilikuwa deki nzuri ya Blu-ray na iliingiza mfumo huo kwenye nyumba nyingi. PlayStation 4 inacheza Blu-ray. PlayStation 4 Pro inatoa gemu kwa 4K, na ni kawaida mtu akadhani inasoma diski za 4K, kumbe haisomi. Mwisho wake ni Blu-ray. Xbox One S na One X, zilizotoka 2016 na 2017, zinasoma Ultra HD, na Xbox Series X pia. Series S haina hata pa kuingiza diski. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski inasoma Ultra HD, ila Dolby Vision, aina mojawapo ya HDR, kutoka kwenye diski haitoi, wala haichezi Blu-ray za 3D ambazo PlayStation 4 inazicheza. Ukiwa na konsoli tayari, anza nayo kabla ya kununua deki. Ikiwa unanunua kwa ajili ya filamu tu, nunua deki. Mara nyingi haina feni inayovuma wakati waigizaji wananong'ona.

Kompyuta ni njia ngumu kuliko inavyoonekana. Windows na macOS hazichezi Blu-ray zenyewe. Utahitaji kisomaji cha Blu-ray na programu ya kulipia. Kwa Ultra HD, uchezaji ulioruhusiwa ulitegemea kinga iliyojengwa ndani ya prosesa za Intel iitwayo SGX, na Intel iliiondoa kwenye prosesa za kompyuta za mezani kuanzia kizazi cha 11. Kompyuta mpya yenye nguvu nyingi inaweza kukataa kile ambacho ya zamani ilikicheza. Mimi filamu za 4K nimeziondoa kabisa kwenye hesabu za kompyuta.

Halafu kuna jambo la funguo. Diski za Blu-ray zimefungwa kwa mfumo uitwao AACS, na funguo zake hubadilishwa kila baada ya muda. Deki iliyokaa miaka bila kusasishwa inaweza kukubali filamu za zamani na kukataa iliyotoka mwaka huu. Kabla hujailaumu diski, unganisha deki na intaneti, au pakua sasisho kwenye flashi, kisha ujaribu tena. Shida inakuja pale mtengenezaji alipoacha kutoa masasisho ya modeli hiyo. Ukiona deki iliyotumika inauzwa kwa bei ya kutupa, huenda hiyo ndiyo sababu.

Kanda, mahali nilipoumia

DVD iligawa dunia kwa namba, 1 hadi 6, na namba huchapwa ndani ya alama ya tufe. Blu-ray ikagawa upya kwa herufi tatu. A ni Amerika zote, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand. C ni China, India, Urusi na Asia ya Kati. Tazama mgawanyo huo ulivyovuruga mazoea: kwenye DVD Japani iko kanda moja na Ulaya, namba 2, lakini kwenye Blu-ray iko upande wa Marekani. Afrika kwa sehemu kubwa ilikuwa na India kwenye namba 5, sasa moja ni B na nyingine ni C. Mtu aliyezoea kununua DVD kutoka mahali fulani bila tatizo anaweza kuagiza Blu-ray kutoka duka lile lile na isikubali.

Si kila Blu-ray ina kufuli hilo. Nyingi zimetolewa kwa kanda zote, hata pale kava linapoonyesha herufi moja. Diski za Ultra HD hazina kanda kabisa, na hiyo ni zawadi kubwa kwa anayeagiza kutoka mbali. Ila angalia mtego: deki ya Ultra HD iko huru kwa diski za Ultra HD tu. Ile Blu-ray ya pili iliyomo ndani ya kava moja inaweza kufungwa kwa A au B, na deki yako nzuri ikaikataa huku mwenzake mweusi akicheza bila neno.

Zipo deki zinazouzwa zikiwa zimefunguliwa kanda zote. Kwa DVD ni jambo la kawaida, mara nyingi ni tarakimu chache tu kwenye rimoti. Kwa Blu-ray kazi ni ngumu, inahitaji kubadilisha kifaa ndani, kwa hiyo muuzaji akisema deki ni ya kanda zote muulize wazi: ni za DVD tu, au na za Blu-ray? Nimeona tangazo lenye maneno hayo lisilotofautisha, na aliyenunua akapata uhuru wa DVD peke yake.

Na hata kanda ikikubali, kuna mfumo wa televisheni. Filamu za 24 hazina tatizo popote. Lakini maonyesho ya muziki, tamthilia na filamu za maisha halisi zilizopigwa kwa picha 50 kwa sekunde huenda zisikubali kwenye deki zilizotengenezwa kwa soko la Marekani. Nyongeza za nyuma ya pazia kwenye diski ya Ulaya nazo huangukia hapo: filamu inacheza, mahojiano na mwongozaji hayachezi.

Waya na sauti

Kwa DVD, nyaya zile tatu za njano, nyekundu na nyeupe zinatosha. Kwa Blu-ray sahau. Kwa masharti ya AACS, deki zilizotengenezwa baada ya mwaka 2010 zilipunguziwa picha kwenye nyaya za analogi hadi kiwango cha DVD, na zilizotengenezwa baada ya 2013 hazitoi kabisa. Kama televisheni yako haina HDMI, Blu-ray mpya si chaguo lako.

Kwa Ultra HD, kila kifaa njiani kinapaswa kuafiki HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili. Nilikuwa na amplifaya nzuri, yenye sauti tamu, katikati ya deki na televisheni. Kila kitu kilikuwa kipya isipokuwa yeye, na picha ikawa inashuka hadi 1080 bila maelezo. Dawa ni deki yenye matundu mawili ya HDMI: moja linapeleka picha moja kwa moja kwenye televisheni, jingine linapeleka sauti kwenye amplifaya ya zamani. Ukiwa na vifaa vya sauti unavyovithamini, tafuta deki yenye matundu mawili, itakuepusha na kubadilisha mtambo mzima.

Sauti za Blu-ray na Ultra HD, Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, zinahifadhiwa bila kupoteza chochote kutoka studio, na zinapita kwenye HDMI. Waya wa mwanga wa kidijitali, ule wenye ncha nyekundu, haufikii uwezo huo. Utapata sauti iliyobanwa ya kiwango cha DVD. Kama unasikiliza kwa spika za televisheni yenyewe hutapoteza usingizi kwa hilo.

Diski unazochoma mwenyewe

Hapa nitapita haraka, ingawa harusi nyingi zimepotea kwa kutolijua hili. Video ya kamera ya ubora wa juu inaweza kuchomwa kwenye DVD tupu kwa mfumo wa AVCHD uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Gigabaiti 4.7 zitabeba kama nusu saa ya picha nzuri. Deki nyingi za Blu-ray zitaicheza. Deki ya DVD haitaicheza, na vitabu vya maelekezo vya kamera hizo vinaonya kwamba huenda hata ikashindwa kuitema. Mpiga picha akikupa diski yenye sura ya DVD, muulize ndani amechoma nini, kisha uandike jibu lake juu ya diski kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kwa Blu-ray tupu, BD-R inachomwa mara moja na BD-RE inafutwa na kuandikwa upya. Epuka zile zenye alama ya LTH kama kuna deki za zamani zitakazozisoma, maana nyingi zinazikataa. BDXL za gigabaiti 100 ni kwa ajili ya kuhifadhi mafaili ya kompyuta. Usizitegemee kwenye deki ya sebuleni. Sony iliacha kutengeneza Blu-ray tupu mwezi Februari 2025, kwa hiyo mwenye kazi ya kuhifadhi kumbukumbu asingoje.

Ningenunua nini

Kwa mtu mwenye televisheni ya 1080, au ya 4K isiyo na HDR ya maana, jibu langu ni deki ya Blu-ray na diski za Blu-ray. Kutoka DVD kwenda Blu-ray ni hatua ambayo hata asiyejali mambo haya ataiona akiwa amekaa kwenye kochi. Kutoka Blu-ray kwenda Ultra HD ni hatua ya kweli kwa mwenye televisheni inayong'aa vya kutosha na anayezima taa anapotazama. Kwa wengine ni ndogo. Bei ya deki ya Ultra HD ikikaribiana na ya Blu-ray, chukua ya Ultra HD bila kusita, kwa sababu inasoma zote zilizo chini yake na watengenezaji wanapungua: Oppo iliacha 2018, na Samsung ilitangaza 2019 kwamba haileti modeli mpya Marekani.

DVD sizidharau. Kuna tamthilia, filamu za maisha halisi na sinema za nchi ndogo ambazo hazijawahi kutoka kwa mfumo mwingine wowote, na pengine hazitatoka. Deki nzuri ya Blu-ray huikuza picha ya DVD ikatazamika. Ninachokataa ni kununua DVD ya filamu ambayo Blu-ray yake ipo kwa tofauti ndogo ya bei.

Kuhusu Dolby Vision na HDR10+: HDR10, aina ya msingi ya HDR, iko kwenye kila diski ya Ultra HD yenye HDR, hizo mbili ni za ziada. Angalia televisheni yako inasoma ipi, kisha tafuta deki inayolingana nayo. Ikikosekana, diski inarudi kwenye HDR10 na filamu inaendelea.

Na ukinunua deki iliyotumika, usinunue mbuzi kwenye gunia. Nenda na diski zako tatu: DVD, Blu-ray, na Ultra HD ya gigabaiti 100 kama deki inadai kuisoma. Usiridhike na nembo ya studio ikitokea kwenye kioo, hapo mwale bado uko tabaka la mwanzo. Ruka hadi saa ya kwanza na nusu, uache icheze dakika kumi. Jicho lililochoka linajikwaa mwale unapohamia tabaka jingine: picha inaganda, sauti inaendelea kidogo, kisha unasikia ndani ya deki kile kikohozi cha lenzi inayopanda na kushuka ikitafuta mstari. Ukikisikia mara mbili, toa diski yako, mshukuru muuzaji, uende.